Józef Poniatowski, Jemadari wa Polandi

Hapo zamani Polandi ilikuwa mojawapo ya nchi kubwa za Ulaya. Ni nchi ya tambarare, yenye mito mipana na misitu mikubwa, wala haina milima ya kuikinga ila upande wa kusini. Mfalme wake hakurithi kiti kwa baba yake. Alichaguliwa na makabaila, nao walikuwa wengi kuliko makabaila wa nchi nyingine. Katika baraza lao, lililoitwa Sejm, palikuwa na desturi ya ajabu. Kabaila mmoja tu akisimama na kukataa, shauri zima lilivunjika, ijapokuwa wenzake wote wamekwisha kulikubali. Wao waliiona desturi hiyo kuwa ndiyo uhuru wao. Majirani zao watatu, yaani Urusi, Prusia na Austria, waliipenda kuliko wao wenyewe, kwa kuwa ilitosha kumhonga mtu mmoja ili nchi nzima ikose jeshi na fedha.

Józef Poniatowski alizaliwa tarehe 7 Mei, 1763, wala hakuzaliwa Polandi, bali katika mji wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Baba yake, Andrzej, alikuwa kabaila wa Kipolandi aliyetumika katika jeshi la Austria hata akapata cheo cha jemadari. Mama yake, Teresa Kinsky, alitoka katika ukoo mkubwa wa nchi ya Bohemia. Mwaka uliofuata, 1764, Stanisław August, aliye ndugu mkubwa wa Andrzej, alichaguliwa kuwa mfalme wa Polandi. Basi mtoto yule akawa wa jamaa ya kifalme kabla hajajua kutembea vizuri. Lakini ufalme wenyewe ulikuwa dhaifu. Mwaka wa 1772 wale majirani watatu waliimega Polandi, kila mmoja akachukua kipande, na mfalme hakuwa na jeshi la kuwazuia. Mwaka wa pili wake Andrzej akafa, Józef akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Tangu hapo mfalme, baba yake mkubwa, alimtunza kwa fedha na kwa mashauri kama mwanawe wa kumzaa. Jambo hili yafaa likumbukwe, maana ndilo lililomtesa Józef baadaye.

Kijana alikulia Vienna, katikati ya watu wasemao Kijerumani na Kifaransa. Alipokaribia miaka 17 aliingia jeshi la Austria, akajifunza kazi ya wapanda farasi, akawa mpanda farasi hodari sana. Mwaka wa 1788 Waaustria walipigana na Waturuki, na katika kuizingira ngome ya Šabac, karibu na mto Sava, Józef alipigwa risasi mguuni akaumia vibaya. Kaisari Joseph wa Pili alimpenda, akamweka miongoni mwa maofisa wa kumhudumia yeye mwenyewe. Kama angalikaa Austria, pasipo shaka angalipata vyeo vikubwa na kuishi maisha ya raha katika mji aliozaliwa.

Lakini mwaka ule ule baraza la Polandi lilianza kuamka. Wajumbe waliazimia kuwa na jeshi la watu 100,000, ingawa fedha za kulilipa jeshi hilo hazikupatikana zote, nao wakataka Wapolandi waliotumika katika majeshi ya kigeni warudi kwao. Mfalme akamwita Józef. Kijana alikuwa na miaka 26, na nchi aliyoitiwa hakuijua vema. Hata lugha yake ilimpasa kuizoea. Hata hivyo alimwomba Kaisari ruhusa, akaiacha Austria, akaja Warsaw mwaka wa 1789, akapewa cheo cha jemadari. Alikuta askari wachache, bunduki za namna mbalimbali, na maofisa walionunua vyeo vyao kwa fedha. Akaanza kazi ya kuwafundisha.

Tarehe 3 Mei, 1791, baraza lilipokea katiba mpya. Siku hiyo Józef ndiye aliyewaamuru askari waliolinda jumba la mfalme. Katiba hiyo ilifuta ile desturi ya mtu mmoja kuvunja shauri la wote, ikawapa watu wa mijini haki ambazo hawakuwa nazo, na kuamuru kwamba tangu hapo ufalme urithiwe. Kwa wakulima, waliokuwa wamefungwa katika mashamba ya makabaila na kuyalima bila ujira, ilileta maneno mema kuliko msaada. Lakini ilikuwa mwanzo mzuri, na kwa sababu hiyo hiyo majirani hawakuiridhia. Makabaila wachache walioichukia katiba wakamwendea Catherine, Malkia wa Urusi, kumwomba msaada. Mwezi wa Mei, 1792, askari wa Urusi karibu 100,000 wakavuka mpaka.

Józef alipewa kulinda upande wa Ukraine. Askari wake walikuwa wachache mno mbele ya adui, hata hakuweza kusimama mahali pamoja. Ilimpasa kurudi nyuma hatua kwa hatua, akipigana kila alipopata nafasi. Tarehe 18 Juni, karibu na kijiji cha Zieleńce, aliigeukia sehemu moja ya jeshi la Urusi. Wapolandi wengine walipoanza kuyumba, yeye mwenyewe aliwaongoza mbele, na jioni Warusi wakauacha uwanja. Ushindi ule haukuwa mkubwa, lakini ilikuwa miaka mingi tangu Wapolandi waone adui akirudi nyuma mbele yao. Mfalme kwa furaha aliweka nishani mpya ya ushujaa, iitwayo Virtuti Militari, na miongoni mwa wa kwanza kuipata walikuwa Józef na jemadari mmoja aliyekuwa chini yake, jina lake Tadeusz Kościuszko. Mwezi uliofuata Kościuszko naye aliwazuia Warusi penye mto Bug, karibu na Dubienka. Jeshi lilikuwa bado zima, na askari walikuwa na moyo.

Hapo ndipo habari zilipofika kutoka Warsaw. Mfalme Stanisław August alikuwa ameogopa. Aliona kwamba vita haviwezi kushindwa, akakubali matakwa ya Malkia Catherine, akajiunga na wale wale makabaila waliowaita Warusi, akaamuru mapigano yakome. Kambini maofisa walilia kwa hasira. Wengine walifanya shauri la kwenda kumtwaa mfalme kwa nguvu na kumleta kambini, ili nchi ipigane pamoja naye, apende asipende.

Kwa Józef jambo hili lilikuwa gumu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Askari wote walimtazama yeye. Mbele yake palikuwa na jeshi lililotaka kupigana, na nyuma yake palikuwa na amri ya mfalme aliyekuwa pia mlezi wake. Kumpinga mfalme ni uasi. Kumtii ni kuikabidhi nchi kwa adui. Alimwandikia barua za uchungu, akamsihi aje kambini kwa hiari yake. Mfalme hakuja. Józef hakukubali kumtia mikono baba yake mkubwa, wala hakukubali kuwatumikia Warusi. Akarudisha cheo chake, na maofisa wengi wakafanya vivyo hivyo. Kisha akatoka katika nchi. Mwaka wa 1793 Urusi na Prusia zikamega Polandi mara ya pili, wala hapakuwa na jeshi la kuwazuia. Wako waliosema kwamba jemadari mwenye moyo mgumu zaidi angalimteka mfalme siku ile na kuendelea na vita. Huenda ni kweli. Lakini nguvu za Urusi zilikuwa kubwa, na mfalme aliyefungwa kambini asingaliwaongezea askari hata mmoja.

Mwaka wa 1794 Kościuszko aliinua nchi ipigane tena, naye akawaita wakulima, waliokuja na miundu yao mirefu iliyonyoshwa mipini ikawa kama mikuki. Józef alirudi mara moja. Sasa mambo yalikuwa yamegeuka: Kościuszko, aliyekuwa chini yake miaka miwili nyuma, ndiye mkuu wa wote. Jemadari, tena mtu wa jamaa ya mfalme, aliingia kambini kama mtu wa kujitolea tu, hana cheo, akaomba kazi. Watu walimshuku kwa ajili ya mfalme, na yeye alivumilia. Baadaye alipewa kikosi katika ulinzi wa Warsaw. Hakufanikiwa kila mara; mwezi wa Agosti Waprusia walimnyang'anya vilima alivyovishika. Mwezi wa Oktoba Kościuszko alijeruhiwa na kutekwa, na mwezi wa Novemba Warusi waliingia kwa nguvu katika Praga, mtaa wa Warsaw ulio ng'ambo ya mto Vistula, wakaua watu wengi sana, wanawake na watoto pia. Mwaka wa 1795 ile mizani ya majirani watatu ikamaliza kugawa kilichobaki. Polandi ikatoweka katika ramani ya Ulaya. Mfalme akavuliwa taji, akachukuliwa Urusi, akafa huko St. Petersburg mwaka wa 1798.

Warusi walimpa Józef nafasi ya kutumika katika jeshi lao kwa cheo kikubwa. Alikataa. Akarudi Warsaw, ambayo sasa ilikuwa mji wa Mfalme wa Prusia, akakaa katika jumba lake na katika shamba lake la Jabłonna. Kwa miaka minane hivi hakufanya jambo kubwa lolote. Alifanya karamu, michezo ya kuigiza na mbio za magari ya farasi mitaani, na nyumbani mwake kila mtu alisema Kifaransa. Wakati huo huo Jemadari Jan Henryk Dąbrowski alikuwa Italia, ambako tangu mwaka wa 1797 alikusanya Wapolandi waliofukuzwa kwao, akawaunda vikosi katika jeshi la Wafaransa, kwa tumaini kwamba siku moja watarudi nyumbani na silaha mkononi. Maelfu yao walikufa mbali na kwao, wengine katika kisiwa cha Haiti, walikopelekwa kupigana na watu weusi waliokuwa wakitafuta uhuru ule ule ambao Wapolandi waliutafuta. Watu waliokumbuka vita vya mwaka 1792 walimwona Józef akipita katika gari lake zuri, wakatikisa vichwa.

Mwezi wa Oktoba, 1806, Napoleon, Kaisari wa Wafaransa, aliwavunja Waprusia penye mji wa Jena kwa siku moja. Waprusia wakaondoka Warsaw, na mfalme wao akamwomba Józef awe mlinzi wa mji ili pasiwe na fujo. Mwisho wa Novemba Wafaransa wakaingia, na mji mzima ukatoka kuwapokea kwa nyimbo na taa. Józef hakuwa na haraka. Aliuliza ni ahadi gani Napoleon anawapa Wapolandi. Ukweli ni kwamba Napoleon hakutoa ahadi yoyote iliyo wazi. Alitaka askari, na kwanza awaone wakipigana. Józef akafikiri, kisha akakubali, maana hapakuwa na mlango mwingine. Akapewa kusimamia mambo ya vita. Dąbrowski na wenzake waliotoka Italia walinung'unika sana, kwa sababu wao walikuwa wamepigana miaka tisa, na huyu aliyekuwa akifanya karamu akawekwa juu yao. Malalamiko yao yalikuwa na haki. Józef hakuwajibu kwa maneno; alifanya kazi mchana na usiku.

Mwaka wa 1807, katika mapatano ya Tilsit, Napoleon aliunda nchi ndogo kutokana na sehemu ya Polandi iliyokuwa ya Prusia. Hakuipa jina la Polandi, asije akawaudhi Warusi. Iliitwa Dola ya Warsaw, na mtawala wake alikuwa Mfalme wa Saksonia. Katiba yake iliwaondolea wakulima utumwa, lakini ardhi haikuwapa. Józef akawa waziri wa vita. Aliweka shule za maofisa, akajenga upya ngome, akaamuru kwamba maofisa wasiwapige askari, wala pasiwe na vyeo vya kununua. Mzigo ulikuwa mzito, kwa kuwa nchi ilikuwa maskini, na Napoleon alivichukua vikosi vilivyo bora akavipeleka kupigana Hispania.

Katika masika ya mwaka 1809 Waaustria waliona nafasi yao. Napoleon alikuwa mbali, na jeshi la Wapolandi lilikuwa dogo. Mtawala mdogo Ferdinand wa Austria akaja na watu zaidi ya 30,000 kuitwaa Warsaw. Józef, aliyelelewa na jeshi lile lile la Austria, alikuwa na watu wasiotimia 15,000 wa kumkabili, na wengi wao hawajapata kusikia risasi. Tarehe 19 Aprili aliwapanga penye kijiji cha Raszyn, maili chache kusini ya Warsaw. Mahali pale palikuwa na kijito chenye kinamasi pande zote mbili, na njia ilipita juu ya matuta membamba. Mbele ya kinamasi, penye Falenty, palikuwa na kijisitu. Waaustria wakakiingia, na Wapolandi waliokilinda wakaanza kukimbia. Hapo Józef alishuka farasi, akatwaa bunduki yenye singe kama askari wa kawaida, akatangulia mbele ya kikosi, kiko chake kinywani, akawarudisha ndani ya msitu. Walipigana hata giza likaingia. Kanali Cyprian Godebski, aliyekuwa mshairi, aliuawa siku ile. Usiku Waaustria walikuwa wamekishika kijiji, lakini hawakuweza kuvuka zaidi.

Asubuhi Józef alikuwa na shauri la kukata. Kuta za Warsaw zilikuwa mbovu, na kuulinda mji kungeuteketeza kwa mizinga. Akapatana na Ferdinand amwachie mji, kwa sharti kwamba jeshi lake lipewe siku mbili kutoka na silaha na vyakula vyake vyote. Wenyeji wa Warsaw walipopata habari walimwita mwoga na msaliti, wakakusanyika mitaani kwa ghadhabu. Yeye alivuka mto Vistula pamoja na askari wake, na badala ya kukimbia kaskazini, akageuka kusini. Dąbrowski, aliyekuwa amemnung'unikia, sasa alikuwa wa kwanza kuunga mkono shauri hilo. Waliingia Galicia, sehemu ya Polandi ambayo Austria ilikuwa imeitwaa. Ferdinand aliketi Warsaw, na huku nyuma yake Wapolandi wakaitwaa Lublin, Sandomierz, ngome ya Zamość, na Lwów, katika mwezi mmoja wa Mei. Kila mji uliofunguliwa ulitoa vijana wa kuongeza jeshi. Mwishowe Ferdinand aliiacha Warsaw, asije akafungiwa ndani. Tarehe 15 Julai Józef aliingia Kraków, mji wa makaburi ya wafalme wa kale, ingawa alikuta Warusi wametangulia kuingia ili kumzuia. Mwaka ule vita vilipokwisha, Dola ya Warsaw ilipata nchi mpya, na watu wake wakazidi milioni 4. Wale waliomwita msaliti mwezi wa Aprili walimpokea kwa matawi na maua.

Mwaka wa 1812 Napoleon alikwenda kuishambulia Urusi na watu zaidi ya 600,000 kutoka mataifa mengi ya Ulaya. Wapolandi walikaribia 100,000, hesabu kubwa mno kwa nchi ndogo na maskini. Józef alimshauri apitie upande wa kusini, katika nchi ya Ukraine, ambako nafaka ni nyingi na wako Wapolandi wa kuwasaidia. Napoleon hakusikia, alitaka kufika Moscow kwa njia iliyo fupi. Józef akatii, akaongoza kikosi chake, watu wapata 36,000. Wapolandi walipigana Smolensk, wakapigana Borodino tarehe 7 Septemba, wakaingia Moscow pamoja na jeshi lote, wakauona mji ukiteketea. Kisha ikaja safari ya kurudi. Theluji, njaa na wapanda farasi wa Urusi viliwamaliza watu. Njiani Józef alianguka na farasi wake, akaumia mguu, akachukuliwa ndani ya gari. Mwezi wa Desemba alifika Warsaw, na katika kikosi chake walirudi mamia tu. Lakini bendera zao walirudi nazo, na mizinga kadhaa pia, mambo ambayo vikosi vingi vya Napoleon havikuyaweza.

Warusi walikuwa wakija nyuma yao. Mwanzo wa mwaka 1813 Józef aliuacha mji wa Warsaw akaenda Kraków, na huko, akichechemea, akaanza tena kukusanya watu. Katika miezi michache alipata watu wapata 15,000. Kwa mara nyingine alisimama mahali pale pale aliposimama mwaka wa 1792. Alexander, Kaisari wa Urusi, alimtumia watu kwa siri. Alikuwa tayari kusamehe yaliyopita, na aliwapa Wapolandi tumaini la kuwa na nchi yao chini yake, iwapo Józef ataacha upande wa Napoleon na kutulia na jeshi lake Kraków. Wapolandi wengi wenye akili na upendo kwa nchi yao walimsihi akubali. Walimwonyesha kwamba nyota ya Napoleon imetua, na kwamba jeshi lile dogo ndilo mali pekee iliyobaki kwa Wapolandi. Likipotea Ujerumani halitapatikana jingine. Józef alikaa katika fadhaa siku nyingi, hata rafiki zake wakaogopa asije akajiua. Mwishowe alikataa. Alikuwa amempa Napoleon neno lake, na aliona kwamba neno likivunjwa siku ya dhiki, jina la Wapolandi litakuwa si kitu mbele ya mataifa, nao hawakuwa na kitu kingine cha kuonyesha.

Hata leo wenye elimu ya historia hawapatani kama alichagua vema. Mwaka wa 1815 Alexander aliunda kweli ufalme mdogo wa Polandi chini yake, akawasamehe waliopigana upande wa Napoleon. Basi huenda Józef angaliweza kuokoa maelfu ya watu wake kwa kukaa kimya. Kwa upande wa pili, ahadi za Urusi alizijua tangu ujana. Mwezi wa Mei aliwatoa askari wake Kraków, wakapita katika nchi ya Austria kwa ruhusa, wakafika Saksonia.

Mwezi wa Oktoba majeshi ya Urusi, Prusia, Austria na Sweden yalimzunguka Napoleon penye mji wa Leipzig. Watu karibu nusu milioni walipigana hapo siku nne. Mkuu wa majeshi yaliyoungana alikuwa Schwarzenberg wa jeshi la Austria. Wapolandi walipewa kulinda upande wa kusini, kando ya mto Pleisse. Tarehe 16 Napoleon alimfanya Józef kuwa Marshali wa Ufaransa, cheo ambacho hakuna mgeni mwingine aliyekipata kwake. Tarehe 19 jeshi la Wafaransa lilianza kurudi nyuma, na njia ilikuwa moja tu, nayo ilipita juu ya daraja la mto Elster. Józef na Marshali Macdonald waliachwa nyuma kuzuia adui hata wengine wavuke. Wapolandi wake waliobaki walikuwa wachache sana, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kujeruhiwa.

Chini ya daraja Wafaransa walikuwa wameweka baruti ili walivunje baada ya watu wote kuvuka. Koplo mmoja aliachwa kulinda. Alipoona askari wachache wa adui karibu na ukingo, aliingiwa na hofu, akawasha moto. Daraja likapasuka likiwa limejaa watu, na maelfu wakabaki upande wa adui. Józef hakukubali kutekwa. Aliwaongoza watu wake kuelekea mtoni, akivuja damu. Akauvuka mto Pleisse kwa shida, akapewa farasi mwingine, akafika kwenye Elster. Mto huo si mpana, lakini mvua ilikuwa imeujaza, na kingo zake zilikuwa wima na zenye utelezi. Macdonald aliogelea akapona. Józef akiwa na majeraha kadhaa alimtia farasi majini. Risasi nyingine ikampata. Farasi hakuweza kupanda ukingo wa pili, na wote wawili wakazama. Alikuwa Marshali kwa siku tatu. Umri wake ulikuwa miaka 50.

Baada ya siku tano mvuvi alimwopoa. Maadui waliomshinda walimzika Leipzig kwa heshima za kijeshi. Mwaka wa 1814 Kaisari Alexander, yule ambaye Józef alizikataa ahadi zake, aliwaruhusu Wapolandi waurudishe mwili wake Warsaw, na mwaka wa 1817 ukachukuliwa Kraków, ukazikwa katika kanisa kuu la Wawel, penye makaburi ya wafalme.

Sanamu yake ilikuwa na safari ndefu kuliko mwili. Wapolandi walichanga fedha, na fundi mashuhuri wa Denmark, Bertel Thorvaldsen, akaifanya: mpanda farasi aliyenyosha mkono wenye upanga. Lakini ilipokuwa tayari, Wapolandi walikuwa wamewaasi Warusi mwaka wa 1830 na kushindwa, na Kaisari mpya, Nicholas, hakutaka isimamishwe. Alimpa jemadari wake aliyewashinda Wapolandi, naye akaipeleka Homel, katika bustani yake. Ilirudi Warsaw baada ya Polandi kupata uhuru wake, ikasimamishwa mwaka wa 1923. Mwezi wa Desemba, 1944, Wajerumani wakailipua. Vita vilipokwisha watu wa Denmark waliitengeneza nyingine kwa kufuata kielelezo cha Thorvaldsen, wakawapa Wapolandi, nayo tangu mwaka wa 1965 imesimama mbele ya jumba ambalo sasa ni la Rais wa Polandi.